Paka kuvimba macho: ni hali gani, na inatibiwaje

Paka akiamka na jicho moja limefumba, kope zimegandana kwa tongotongo na ndani kumekuwa kwekundu, watu husema "ana ugonjwa wa macho" kana kwamba ugonjwa wenyewe ni mmoja. Kuvimba ni namna mwili unavyojibu uchokozi: damu hukimbilia mahali palipoguswa, maji hujaa, jicho huwasha au huuma. Mchokozi anaweza kuwa kirusi, bakteria, mchanga, au ukucha wa paka wa jirani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa, uliza kwanza ni sehemu gani ya jicho iliyovimba.

Mara nyingi huwa ni ule utando laini uliotanda ndani ya kope. Ukishusha kope la chini la paka mzima, utaukuta una rangi ya waridi hafifu. Ukivimba huwa mwekundu, na pengine hutuna hadi ukafunika sehemu ya jicho. Jicho hutoa machozi mepesi, kisha tongotongo za manjano au kijani. Hata lile kope la tatu, ambalo kwa kawaida hujificha kwenye kona karibu na pua, hutokeza nje.

Kwa paka, tofauti na mbwa, wanaosababisha hali hii hasa ni vimelea vya kuambukiza. Wa kwanza ni kirusi cha hepesi cha paka, ambacho huja na mafua na chafya. Kikishaingia hakitoki: hujificha kwenye neva maisha yote, kikaibuka paka anapohamishwa nyumba, anapoletewa mwenzake mgeni au anapougua kitu kingine. Ndiyo maana paka yuleyule huvimba jicho kila baada ya miezi kadhaa na mwenye paka akadhani dawa ilikuwa feki. Wa pili ni bakteria aina ya klamidia, anayependa paka wadogo; kwa kawaida huanza jicho moja, na baada ya siku chache la pili hufuata.

Vitoto vina jambo lao. Huzaliwa macho yamefumba na kuyafumbua kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi. Kope zikituna kabla ya hapo, au usaha ukachuruzika konani, ujue umejikusanya ndani na unaweza kuliharibu jicho kabisa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usiyafumbue kwa nguvu kwa kucha.

Uvimbe wa kuogopa zaidi ni ule ulioingia ndani. Kioo cha mbele ya jicho, yaani konea, kikipata kidonda, paka hukazana kufumba na kuukwepa mwanga. Kukiwaka nyuma ya kioo hicho, jicho huwa na ukungu, rangi yake hubadilika, na mboni husinywaa kuliko ya jicho la pili. Mboni iliyobaki wazi hata ukimmulika tochi nayo ni hatari, maana huenda presha ya jicho imepanda. Katika hali hizi huna wiki ya kusubiri, una saa.

Na hapa ndipo dawa iliyobaki kabatini inapofanya madhara. Matone mengi ya binadamu yana steroidi, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe, kama deksamethasoni au betamethasoni. Wekundu hupungua haraka, na kila mtu anafurahi, huku kidonda cha konea kikizidi kuchimbika na hepesi ikipata nafasi. Daktari wa mifugo hudondoshea jichoni rangi maalumu ambayo hung'aa kijani palipo na kidonda. Kabla ya kipimo hicho, hakuna sababu ya kumtia paka steroidi.

Matibabu hufuata chanzo. Klamidia hutibiwa kwa doksisaiklini ya kumeza kwa wiki 4 hivi, na paka wote wa nyumba hutibiwa pamoja. Kidonge kifuatishwe na maji au chakula, maana kikikwama hulichoma koo la chakula. Malhamu ya tetrasaiklini hutumika pia, daktari akishaiandika. Hepesi kali ina dawa yake, famsaikloviri. Unga wa laisini unaouzwa sana kwa ajili ya paka, utafiti haujaonyesha kuwa unasaidia; okoa pesa yako.

Nyumbani kazi yako ni usafi. Chemsha nusu lita ya maji, tia chumvi kijiko cha chai kisichojaa, acha yapoe. Futa taratibu kuanzia kona ya pua kwenda nje, pamba moja kwa jicho moja. Chai ya rangi, maziwa na limau viache jikoni. Mafua humnyima paka harufu, naye asiposikia harufu hali, hivyo pasha dagaa moto kidogo. Usimpe paracetamol kwa maumivu: kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Chanjo ya mafua ya paka, inayoanza akiwa na wiki 6 hadi 8, haizuii hepesi kuingia, ila hupunguza makali yake.

Macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam na Mombasa mwanzoni mwa 2024, wapo waliowatazama paka wao kwa shaka. Hepesi ya paka haimwambukizi binadamu. Klamidia yake inaweza, ingawa ni nadra, hivyo nawa mikono kila ukimaliza kumpaka dawa.