Wi-Fi imeshika, intaneti iko wapi?

Simu ninazopigiwa sana huanza hivi: "Fundi, samahani kukusumbua. Wi-Fi imeshika, alama imejaa kabisa, lakini hakuna kinachofunguka." Kabla ya lolote huuliza swali moja: anwani ya kompyuta yako inaanza na namba gani? Hapo wengi hunyamaza, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza wanasikia kwamba kompyuta ina anwani.

Alama ya Wi-Fi inakuambia jambo moja tu, kwamba redio iliyo ndani ya kompyuta mpakato inasikilizana na redio ya ruta. Kuhusu intaneti haijui kitu. Siku moja ukiwa na nafasi, chomoa ule waya unaoleta intaneti nyuma ya ruta, uache umeme uendelee. Alama itabaki imejaa vilevile, printa itachapisha, na faili zitahama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Mtandao wa nyumbani ni mzima, kilichokatika ni njia ya kwenda nje. Ukishaliona hili kwa macho yako, nusu ya simu unazompigia fundi zitakwisha.

Turudi kwenye anwani. Unapoingiza nenosiri la Wi-Fi, kompyuta hupiga mbiu humo ndani: nani anagawa anwani hapa? Ruta hujibu kupitia huduma iitwayo DHCP, na hutoa vitu vinne kwa mpigo: anwani ya kompyuta yenyewe, namba inayoonyesha mtandao wa nyumbani unaishia wapi, anwani ya lango (ambalo ni hiyo hiyo ruta), na anwani ya seva ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Nyumbani anwani nyingi huanza na 192.168, nyingine na 10, na chache huangukia kati ya 172.16 na 172.31. Makundi haya matatu yametengwa kwa mitandao ya ndani, na waraka unaotumika hadi leo, RFC 1918, ni wa mwaka 1996. Ndiyo maana kompyuta yako na ya mtu usiyemjua zinaweza zote kuwa 192.168.1.5 bila kugombana. Namba hizo hazitoki nje ya ruta.

Sasa, ukikuta anwani inaanza na 169.254, usihangaike kumpigia simu anayekuuzia intaneti. Maana yake kompyuta ilipiga mbiu, haikujibiwa, ikaamua kujipa anwani yenyewe. Tatizo liko humo humo nyumbani: ruta imekwama, waya umelegea, au mazungumzo ya Wi-Fi hayakukamilika. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike ipconfig, utaiona. Kwenye Mac iko ndani ya mipangilio ya mtandao, na kwenye Linux andika ip a.

Anwani ikiwa sawa, napanda ngazi kwa amri ya ping, inayogonga anwani fulani na kungoja ijibu. Vitabu huanza na 127.0.0.1, yaani kompyuta kujigonga yenyewe. Mimi huiruka, sikumbuki lini ilinisaidia. Naanza na lango, mathalani ping 192.168.1.1. Likijibu ndani ya milisekunde chache, ndani ya nyumba kuko salama. Majibu yakirukaruka, mara 3, mara 400, mara kimya, basi Wi-Fi yenyewe inaumwa. Kisha ping 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google iliyo wazi kwa umma. Ikijibu, njia ya nje ipo. Mwisho napiga ping kwa jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likakataa, mgonjwa ni DNS, na dawa huwa ni kubadilisha anwani ya DNS kwenye mipangilio. Ila kuna vifaa vilivyofundishwa kutojibu ping, kwa hiyo kimya kimoja kisikutoshe kutoa hukumu.

Kuna siku ngazi zote tatu zilipita na bado nikaaibika. Kompyuta mpakato ya zamani, kila ping inajibu, lakini kivinjari kinakataa kila tovuti na kutoa onyo la usalama. Nikaizima ruta na kuiwasha mara tatu. Nikafuta kumbukumbu za kivinjari. Mwenye kompyuta ananiangalia tu. Nilipotupa jicho pembeni mwa skrini ndipo nikaona tarehe: imerudi nyuma miaka kadhaa. Betri ndogo inayotunza saa ilikuwa imekufa. Vyeti vya usalama vya tovuti vina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kwa kompyuta ile, vyeti vyote vya leo vilikuwa havijaanza kutumika. Nikarekebisha tarehe, kila kitu kikafunguka. Tangu siku hiyo saa ndiyo naitazama kwanza.

Kompyuta ikiwa mpya, mimi huiunganisha na ruta kwa waya siku ya kwanza, hata kama maisha yake yote itatumia Wi-Fi. Kompyuta nyembamba za siku hizi mara nyingi hazina tundu la waya wa mtandao, lakini adapta ya USB inatosha. Masasisho ya mwanzo ni mazito na waya hauyumbi, halafu unapata kipimo cha kulinganishia: kitu kikienda vizuri kwa waya na vibaya kwa Wi-Fi, mtoa huduma hana kosa, tatizo liko kwenye Wi-Fi yenyewe.

Waya nao una hila zake. Ndani yake mna nyaya ndogo nane, zimesokotwa mbili mbili. Kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde inazihitaji zote nane, ile ya 100 inatosheka na nne. Kwa hiyo waya uliokanyagwa na mguu wa kiti ukakatika uzi mmoja kwa ndani huenda usife, ukashuka tu kimyakimya. Niliwahi kunakili folda ya gigabaiti 20 ikachukua karibu nusu saa, nikalaumu diski. Kumbe muunganisho ulikuwa umeshuka hadi 100. Nilipobadilisha waya, folda ile ile ilimaliza kwa dakika tatu na kitu. Na hapa tuelewane: kasi huuzwa kwa megabiti, faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Intaneti ya megabiti 40 ikikushushia megabaiti 5 kwa sekunde, hujaibiwa.

Kuhusu masafa ya redio ya Wi-Fi sitakawia. Gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri lakini ni sokoni: Bluetooth iko hapo, oveni ya maikrowevu hutoa kelele zake hapo, na chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Gigahezi 5 ina kasi zaidi ila ukuta mnene unaichosha. Weka ruta katikati ya nyumba na juu kidogo. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni ndani ya kabati haina wa kumlaumu.

Kwenye ruta yenyewe, badilisha nenosiri la msimamizi, ambalo si lile la Wi-Fi. Kwenye aina ya ulinzi wa Wi-Fi chagua WPA3, au WPA2 kama una vifaa vya zamani. WEP ilivunjwa tangu 2001, usiiguse. WPS, ile ya kubonyeza kitufe au kuandika tarakimu nane, izime.

Kilichobaki ni kushirikisha faili, na hapo ndipo watu hukata tamaa. Windows ikikutana na mtandao mgeni huuchukulia kuwa wa umma na kuificha kompyuta yako. Kwa mtandao wa nyumbani ubadilishe uwe binafsi, la sivyo kompyuta nyingine hazitaiona. Halafu ikikuuliza jina na nenosiri, usiandike ile PIN unayofungulia skrini. PIN inafanya kazi kwenye mashine hiyo moja tu, kwenye mtandao linatakiwa nenosiri kamili la akaunti. Nilipoteza alasiri nzima kabla ya kulijua hilo. Na kama diski yako ya zamani ya mtandao haionekani kwenye Windows mpya, huenda inajua kuzungumza SMB1 tu, lugha ya zamani ya kushirikisha faili. Ukikutana na ushauri wa kuiwasha tena, kataa. Kirusi cha WannaCry kilipita kwenye ufa wa SMB1 Mei 2017 kikafunga kompyuta duniani kote.

Printa inayopotea kila baada ya wiki mbili tatu kwa kawaida imepewa anwani mpya na ruta, nawe bado unaitafuta kwenye ile ya zamani. Ingia kwenye ruta uitengee anwani ya kudumu. Kompyuta mpakato nayo waweza kuitengea, lakini angalia jambo moja kwanza. Ruta huitambua mashine kwa anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao, na mifumo ya sasa ina chaguo la kuibadilisha MAC hiyo ovyo ovyo ili usifuatiliwe kwenye mitandao ya watu. Chaguo hilo likiwa limewashwa, ruta yako inaweza kukuona mgeni. Lizime kwa mtandao wa nyumbani peke yake, kwingine kote liache liendelee.