Tumbo la Jumatatu asubuhi

Wazazi wengi hunijia na bahasha ya vipimo. Malaria hamna, mkojo safi, choo hakina kitu, hata ultrasaundi imepigwa. Mtoto bado analalamika tumbo. Kabla hata sijaitikia shikamoo yake, mzazi keshatoa hukumu: "Huyu anadeka tu, hataki shule."

Tumbo linamuuma kweli. Mtu akiingiwa na hofu, mwili humwaga homoni za msongo, adrenalini na kotisoli. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza, na utumbo, wenye mishipa ya fahamu inayowasiliana na ubongo muda wote, unavurugika. Hata mtu mzima mwenye usaili asubuhi huenda chooni mara tatu. Ila yeye anajua kusema ana wasiwasi. Mtoto wa miaka tisa anasema tumbo.

Hospitali msiache kwenda. Homa, kutapika, damu kwenye choo, kupungua uzito, maumivu yanayomwamsha usiku au anayoyasikia akikojoa, hayo ni ya daktari na hayangoji kesho. Daktari akishasema hakuna ugonjwa, chukua kalenda. Tia alama kila siku anayolalamika, kwa wiki tatu hivi. Alama zikijazana Jumapili jioni na Jumatatu, Jumamosi ikabaki nyeupe na likizo ndiyo kabisa, umepata pa kuanzia. Aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani akianza tena, nayo iandike.

Binti mmoja wa darasa la saba (baadhi ya mambo nimeyabadilisha asitambulike) alikuwa hivyo. Kuongea hataki. Nikampa penseli achore darasa lao. Akachora ubao, madawati, halafu kando ya mlango akachora karatasi ndogo na kuikandamizia penseli mpaka ikatoboka. Ilikuwa orodha ya matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio, wa kwanza hadi wa mwisho. "Wakibandika," akasema, "wote wanaanza kuangalia chini, nani kashika mkia."

Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa Januari 2023. Kwenye kuta za madarasa orodha bado zipo, na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi nafasi ya mtoto hujadiliwa kama bei ya nyanya. Mtoto anasikia. Simu zenu mnaziweka spika.

Kuna na fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, tena viandikwe kitabuni. Mimi ningependa visiwepo kabisa, lakini hata hilo la kanuni wazazi wengi hawalijui. Mtoto anayechapwa kwa kila hesabu aliyokosa ana haki ya kuumwa tumbo siku ya hisabati.

Usingizi nao usisahaulike. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji saa 9 hadi 12. Wa Dar anayelala saa nne usiku baada ya tuisheni na kuamshwa saa kumi na nusu kuwahi basi la shule amepata sita na nusu. Hapo hata jambo dogo linamliza.

Sasa, kumuuliza. Ukimkalisha sebuleni na kumwambia "niambie una tatizo gani", atajibu "sina". Muulize mkichambua mchele au mkikunja nguo, mikono ikiwa na kazi na macho hayatazamani. Uliza vitu vidogo: mapumziko unakaa na nani? Kipindi gani ukisikia kengele yake unachoka? Akianza kusema, usimkatize kwa "sisi zamani tulitembea kilomita kumi".

Kumbakiza nyumbani wiki nzima hakusaidii. Hofu inanenepa akiikwepa. Ongea na mwalimu wa darasa kwanza. Mwombe mtoto apokelewe na mtu anayemwamini, aruhusiwe kutoka dakika tano tumbo likikaza kisha arudi, na matokeo yake apewe mkononi, yasibandikwe. Walimu wengi hukubali ukiwaendea kwa upole, bila kuanza na lawama.

Mtoto akitamka "bora nife", hata kama anacheka, usimkemee. Kaa naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiumiza, ondoa dawa na sumu ya panya anapoweza kufikia, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.