Je, wajua kwa nini mtambo wa majitaka hurudisha tope kwenye maji unayoyasafisha?

Ukifuata mabomba ya mtambo mkubwa wa kusafisha majitaka, utakutana na jambo linaloonekana kama kosa la fundi. Maji yakikaribia mwisho wa safari, tope hutuama chini ya tangi na maji maangavu hubaki juu. Mpaka hapo sawa. Lakini badala ya tope lote kwenda kutupwa, sehemu yake kubwa huvutwa kwa pampu na kumwagwa tena ndani ya majitaka mabichi yanayoingia. Kilichotolewa kwa taabu yote ile kinarudishwa!

Jibu fupi ni kwamba tope lile limejaa bakteria hai, mabilioni kwa mabilioni, na wana njaa.

Tuanzie mlangoni, ingawa pale hapana makuu. Majitaka ya majumbani ni maji kwa takribani asilimia 99.9, uchafu ni ile chembe iliyobaki. Nondo zilizopangwa karibukaribu hunasa matambara, plastiki na zile tishu zenye unyevu ambazo pakiti yake hudai zinaweza kutupwa chooni (usiiamini). Kisha unakuja mfereji ambao mwendo wa maji hushikiliwa kwenye sentimita 30 hivi kwa sekunde: polepole kiasi cha mchanga kuzama, haraka kiasi cha vitu vyepesi kupita. Baada ya hapo maji hutulizwa saa mbili hivi, chembe nzito zishuke na mafuta yakwanguliwe juu.

Kinachobaki ndicho kigumu. Mkojo, sabuni, mabaki ya chakula yaliyokwisha kuyeyuka: havinasi kwenye chujio wala havizami. Inabidi viliwe. Bakteria huvila bila kuombwa, ila katika kula hutumia oksijeni. Majitaka yakimwagwa mtoni yalivyo, karamu hiyo hufanyika humohumo mtoni na samaki hukosa hewa. Mtambo unachofanya ni kuimaliza karamu kabla maji hayajafika huko, ndani ya tangi linalopulizwa hewa kutoka chini mpaka maji ya kahawia yanatokota kwa mapovu.

Shida ni muda. Mwaka 1914, Edward Ardern na William Lockett wa Manchester, Uingereza, walieleza majaribio waliyofanya kwa kupuliza hewa kwenye chupa za majitaka. Mara ya kwanza ilichukua wiki tano hivi amonia yote (kemikali itokanayo hasa na mkojo) kubadilika kuwa nitreti, isiyo na sumu kali kwa samaki kama amonia. Mji gani ungeweza kujenga matangi ya kuhifadhi majitaka ya wiki tano? Lakini walimwaga maji maangavu tu, wakaliacha tope chupani, wakaongeza majitaka mapya. Safari hii kazi ilikwenda haraka zaidi. Wakarudia hivyo mara nyingi, hadi wiki tano zikawa chini ya saa 24. Wengine walikuwa wakilitupa tope hilo. Wao walilitunza, na mitambo mingi ya leo bado inaendeshwa kwa ugunduzi huo.

Hesabu yake ni hii: maji hukaa kwenye tangi la hewa kwa saa chache tu, lakini bakteria wanaoshughulikia amonia huzaana polepole mno, na wangesombwa na maji kabla hawajaongezeka. Tope likirudishwa, maji hupita kwa saa na bakteria hubaki kwa siku, mara nyingi wiki moja au mbili.

Kwa hiyo mwendeshaji wa mtambo ni mfugaji kuliko alivyo fundi bomba. Bakteria wakizidi, hutoa wa ziada kila siku. Wakipungua, huacha kutoa. Hewa huilenga kwenye miligramu 2 hivi za oksijeni kwa lita: ikipungua wanadhoofika, ikizidi ni umeme unaoteketea bure, na mashine za kupuliza hewa pekee mara nyingi hula karibu nusu ya umeme wote wa mtambo.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji hata umeme. Mwendeshaji huchota maji ya tangi la hewa, huyajaza kwenye silinda ya kioo ya lita moja na kusubiri dakika 30. Tope zuri hushikana mabonge, hushuka taratibu na kuacha maji maangavu juu. Likikataa kushuka, huenda bakteria wa nyuzinyuzi wametawala, nao hulifanya tope kuwa jepesi na kubwa kwa umbo. Likishuka vizuri halafu baadaye likapanda tena kwa mabonge, ujue limekaa sana bila hewa: bakteria wameigeuza nitreti kuwa gesi ya naitrojeni, na mapovu yake yanaliinua. Hadubini humaliza ubishi. Vijidudu vyenye umbo la kengele vikionekana vimeshikilia vikonyo vyao, kwa kawaida hali ni njema.

Maji yakitoka hapo huuliwa vimelea kwa klorini au mionzi ya urujuanimno, kisha huachiliwa. Tope la ziada huenda kwenye tangi lililofungwa lisiloingia hewa, kwenye joto la nyuzi 35 hivi, ambako bakteria wa aina nyingine hulioza na kutoa methani ya kuendeshea jenereta.

Kwenye joto na ardhi ya kutosha, yote haya yanaweza kuepukwa. Mabwawa ya majitaka hayana mashine za hewa wala pampu za kurudisha tope: mwani hutoa oksijeni kwa mwanga wa jua, na maji hupita bwawa hadi bwawa. Humo bakteria hawahitaji kurudishwa, kwa kuwa maji yenyewe hukaa wiki kadhaa, na tope huondolewa baada ya miaka.