OSCE: mtihani wa kengele ni mtihani gani?

Wanafunzi wa udaktari pale Muhimbili wanausema kwa pumzi moja: oski. Huandikwa OSCE, kifupi cha Objective Structured Clinical Examination, nao ni mtihani wa vituo. Mtahiniwa anazunguka kituo hadi kituo. Kila kimoja kina kazi yake, dakika chache, na mtahini aliyekaa kimya na karatasi ya alama. Kengele ikilia unahama, hata kama neno liko mdomoni.

Chukua kituo cha upasuaji. Nje ya pazia pamebandikwa maelezo: mzee wa miaka 60, mkazi wa Mbagala, ana uvimbe kwenye mfuko wa korodani, mchunguze. Mzee ni mgonjwa kweli, amekubali kusaidia mtihani. "Shikamoo mzee, naitwa daktari mwanafunzi..." Hapo kuna tiki. Kunawa mikono, kuomba ruhusa na kuvuta pazia nako kuna tiki. Kisha mtahiniwa anapapasa: vidole vinaufikia mwisho wa uvimbe kwa juu? Vikiufikia, shida iko humohumo kwenye mfuko. Visipoufikia, huenda ni ngiri iliyoshuka kutoka tumboni. Taa inazimwa, tochi inawekwa nyuma ya uvimbe. Uvimbe uking'aa mwekundu, ndani kuna maji, na kwa sisi watu wa Pwani hilo ni busha. Anayemulika bila kumwambia mzee anataka kufanya nini anakosa alama, na mimi naona ni halali yake.

Zamani ulipewa mgonjwa mmoja na watahini wawili, basi. Wewe unaangukia ngiri ya wazi, mwenzako anapewa ugonjwa unaowasumbua hata mabingwa. Mwaka 1975 Ronald Harden wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskochi, na wenzake walichapisha njia hii ya vituo: wote wafanye kazi zilezile, mbele ya watahini wengi, ili mmoja aliyeamka vibaya asikuangushe peke yake.

Kutunga vituo hivyo ni kazi yenyewe. Tunamdhani bingwa wa upasuaji anayefundisha chuoni kuwa ni mtu wa thieta tu, kumbe wapo waliojikita katika elimu ya tiba na upimaji wa wanafunzi. Swali linalowaumiza kichwa ni hili: aliyefaulu ni nani? Nusu ya alama haina maana kama kituo chenyewe kilikuwa kigumu mno. Kwa hiyo, kwa njia moja inayotumika, mtahini, mbali na tiki, hutoa pia hukumu ya jumla: huyu amefaulu, huyu bado, huyu yuko mpakani. Wastani wa alama za hao wa mpakani ndio unakuwa alama ya kufaulu ya kituo hicho. Kituo kikiwa kigumu, alama zao zinashuka, na mstari unashuka nazo.

Lakini oski ina mpaka wake. Mwaka 1990 George Miller, mtaalamu wa elimu ya tiba, alipanga ngazi nne za umahiri wa daktari: kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha, kisha kutenda kazini. Oski inaishia ya tatu. Kijana aliyesema shikamoo kwa ajili ya tiki anaweza wiki ijayo kupita kitanda cha mzee yuleyule kama anapita nguzo ya umeme. Hilo halionekani chumba cha mtihani. Anayeliona ni sista wa wodi, na bosi wake mwaka wa intanship, kabla hajamsainia daftari.