Kurekodi kinanda kwenye kompyuta ya nyumbani: mnayoambiana na ukweli wenyewe

"Waya wa USB ndo unapeleka sauti." Hii ndo inaongoza kwa kuwachanganya wapigaji. Mtu anachomeka ule waya wa kichwa cha mraba, ule ule wa printa, toka kinandani mpaka kwenye laptopu, anafungua Audacity (programu ya kurekodi sauti), anapiga pambio zima, akiangalia anakuta mstari umenyooka tu, basi kinanda kibovu! Kinanda kizima hicho. Vinanda vingi waya ule unabeba MIDI peke yake, na MIDI sio sauti, ni maelekezo: noti gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani (kipimo kinaishia 127), imeachiwa saa ngapi, pedeli imekanyagwa au la. Ni kama karatasi ya nota, haiimbi mpaka apatikane wa kuisoma. Ndo maana faili la MIDI la wimbo mzima ni kilobaiti kadhaa tu, wakati WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya stereo ya 44.1 kHz na biti 16 inakula kama megabaiti 10 kila dakika. Na Audacity hairekodi MIDI, hapo tafuta programu kama Reaper. Vipo vinanda vinavyopitisha vyote viwili kwenye USB, mfano Yamaha PSR-E373, so fungua kitabu cha kinanda chako kwanza kabla hujabishana na mtu.

"Nikirekodi MIDI itatoka sauti ile ile ya kinanda changu." Wapi! Inategemea nani anaisoma, Windows yenyewe ikiisoma unapata ile sauti yake ya kizamani kama mlio wa simu ya kitochi. Ukitaka sauti yako, rudisha MIDI kinandani halafu rekodi kinachotoka. Raha ya MIDI ni kwamba noti uliyokosea unaisogeza tu, tempo unapunguza, hurudii wimbo. Na ukisikia kila noti inagonga mara mbili usihangaike, zima Local Control kwenye kinanda, ile inayofanya vibonyezo vipige sauti ya kinanda chenyewe moja kwa moja.

"Tundu lolote la laptopu linafaa." Hapana jamani. Tundu la maiki mara nyingi ni mono na limetengenezwa kwa sauti ndogo sana, ukilipelekea kinanda linakoroma. Tafuta saundi kadi ya nje yenye matundu mawili ya laini (line in), kushoto na kulia, pale kwenye kinanda hata jeki ya hedifoni inatosha. Sauti isizidi -6 dB kwenye mita ya programu, ikigonga 0 imekatika vichwa na hakuna prodyuza atakayekurudishia ile kitu ilivyokuwa.

"Sauti inachelewa kwa sababu kompyuta dhaifu." Mara nyingi ni bafa tu, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kwanza kabla ya kukitoa. Sampuli 1024 kwa 44.1 kHz ni kama milisekunde 23, ukishusha mpaka 128 inabaki kama 3, na kwenye Windows ipo draiva ya bure ya kukusaidia kushusha, ASIO4ALL. Tena kama unarekodi sauti ya kinanda chenyewe we jisikilize kutoka kinandani, hakuna kuchelewa hapo.

MP3 (faili la sauti lililobanwa) kuigeuza WAV ili ipate ubora? Faili linanenepa tu, kilichotupwa hakirudi.

Halafu ule mvumo wa mmmm nyuma ya wimbo, wengi wanalaumu kinanda. Chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri, ukipotea ujue ulikuwa unatoka kwenye umeme.