Kabla ya kugeuza muswada kuwa kitabu pepe, washa alama za aya

Muswada ukinifikia, kwanza naufungua kwenye programu ya kuandikia na kubonyeza kitufe chenye alama ya ¶. Hapo yaliyofichika hujitokeza: ¶ moja kila mwisho wa aya, hata aya tupu. Juzi nilifungua riwaya iliyopangika vizuri machoni, kila sura ikianza ukurasa mpya. Alama zilipowaka, nikakuta mwishoni mwa kila sura msururu wa ¶, mahali pengine 14, pengine 19. Mwandishi alikuwa akibonyeza Enter mpaka ukurasa uishe.

Kwenye karatasi haidhuru. Kwenye kitabu pepe hakuna ukurasa wa kudumu: maandishi hujipanga upya kulingana na upana wa skrini na ukubwa wa herufi anaoutaka msomaji. Aya tupu zile 19 humwachia mwenye simu skrini nyeupe, akadhani kitabu kimekatika.

Kinachoniuma zaidi ni vichwa vya sura. Mwandishi hukoleza "Sura ya Tatu", akaikuza hadi pointi 18, akaiweka katikati. Jicho huona kichwa; programu huona aya ya kawaida yenye wino mzito, basi orodha ya yaliyomo hutoka tupu. Dawa ni kukipa kila kichwa mtindo wa kichwa wa ngazi ya 1. Programu za kugeuza muswada, yaani Calibre, Pandoc, hata LibreOffice, ambayo hutoa EPUB (aina ya faili la kitabu pepe) yenyewe tangu toleo la 6.0 la mwaka 2018, zote husoma mitindo hiyo.

Ukitaka kuelewa kwa nini, chukua nakala ya faili la EPUB, badilisha .epub iwe .zip, kisha lifungue. Ndani mna kurasa za HTML (zenye maandishi), faili la CSS (la kupanga mwonekano) na picha: tovuti ndogo iliyofungwa kifurushi kimoja. Ndiyo maana safu zilizopangwa kwa kubonyeza nafasi mara kumi huvurugika.

Humo humo mna faili lenye kiendelezi cha .opf, linalobeba maelezo ya kitabu. Tazama mstari wa lugha. Mara nyingi nakuta "en" kwenye kitabu cha Kiswahili kitupu, nami hubadilisha iwe "sw". Msomaji asiyeona husikiliza kitabu kwa sauti ya simu, na mstari huo ukikosewa huenda akasomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, kurasa 300. Huyo naye ni msomaji wetu.

Mwisho napitisha faili kwenye EPUBCheck, programu ya kukagua makosa ya EPUB, kisha nalifungua kwenye simu ndogo, herufi zikiwa kubwa kuliko zote, na kugusa kila sura kwenye yaliyomo.