Eurovision: Dhana Potofu Kuhusu Kura, Jukwaa na Uenyeji

Kila mwaka ifikapo Mei, mabishano ya mashabiki wa Eurovision, shindano la nyimbo kati ya nchi, huanza hata kabla pointi za nchi ya mwisho hazijasomwa, na mara nyingi hayahusu nyimbo bali hesabu: nani amedhulumiwa, nani amependelewa, na kwa nini mji fulani ndio uliopewa uenyeji. Sehemu kubwa ya mabishano hayo inatokana na kulichukulia shindano hili kama uchaguzi mkuu, ambamo kura zote za Ulaya humiminwa katika sanduku moja na kuhesabiwa. Sivyo lilivyo. Eurovision ni shindano la mashirika ya utangazaji, na kura zinazopigwa katika kila nchi hugeuzwa kwanza kuwa nafasi, kisha pointi, ndipo zikakutana na za nchi nyingine. Anayeuelewa utaratibu huo ataona malalamiko mengi hayana msingi, ingawa yapo machache yenye uzito.

Dhana: Mwenye kura nyingi zaidi ndiye mshindi

Kila nchi hupanga nyimbo kumi bora kwa mujibu wa kura za watazamaji wake, ikaupa wimbo wa kwanza pointi 12, wa pili 10, wa tatu 8, na kuendelea kushuka hadi 1. Jopo la majaji wa nchi hiyohiyo hufanya vivyo hivyo, na tangu 2016 mafungu hayo mawili hutangazwa mbalimbali. Maana yake ni kwamba San Marino, yenye wakazi wasiofika elfu arobaini, hutoa pointi 12 sawasawa na Ujerumani yenye watu zaidi ya milioni themanini. Wimbo unaopendwa kupita kiasi katika nchi tatu huweza kushindwa na wimbo unaopendwa kiasi katika nchi thelathini.

Hapo ndipo sifuri inapoeleweka vibaya. Katika shindano lililofanyika Basel mwaka 2025, wenyeji Uswisi walipata pointi 214 kutoka kwa majaji, kisha watazamaji wakawapa sifuri, na Uingereza nayo ikaambulia sifuri ya watazamaji usiku huohuo. Wengi walihitimisha kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyenyanyua simu. Ukweli ni kwamba wimbo unaoshika nafasi ya kumi na moja katika kila nchi hupata sifuri, hata kama umepigiwa kura kwa maelfu. Fainali ile ilikuwa na nyimbo 26, na kumi pekee ndizo zinazolipwa pointi kila mahali.

Mfano ulio bora zaidi ni wa Stockholm mwaka 2016. Majaji walimweka mbele Dami Im wa Australia kwa pointi 320, na watazamaji wakamweka mbele Sergey Lazarev wa Urusi kwa pointi 361. Jamala wa Ukraine alikuwa wa pili kwa pande zote mbili, 211 na 323, na jumla yake ya 534 ikamfanya mshindi. Wapo wanaouita ushindi huo wizi mpaka leo, na kwa hakika siasa za Urusi na Ukraine ziliuchochea ubishi. Lakini hesabu yenyewe haina kificho: aliyeshinda ndiye aliyekubalika kote kote, ingawa hakuna upande uliomchagua kuwa wa kwanza.

Dhana: Majaji wapo ili kupindua matakwa ya watazamaji

Kwa dhana hii sitaki kuwa mwepesi wa kuikanusha, kwa sababu takwimu za karibuni zinawapa mashabiki haki ya kuuliza. Liverpool mwaka 2023, Käärijä wa Finland alipata pointi 376 za watazamaji dhidi ya 243 za Loreen wa Sweden, lakini majaji walimpa Loreen 340 na Käärijä 150, na Loreen akashinda kwa 583 dhidi ya 526. Mwaka uliofuata huko Malmö, Baby Lasagna wa Croatia aliongoza kwa watazamaji kwa 337 ilhali Nemo wa Uswisi alipata 226, na majaji wakageuza matokeo kwa kumpa Nemo 365. Basel ikaja na hali hiyohiyo: JJ wa Austria alishinda kwa jumla ya 436, huku watazamaji wakiwa wamemweka mbele Yuval Raphael wa Israel kwa pointi 297, naye kwa majaji akapata 60 tu.

Miaka mitatu mfululizo si jambo la kupuuzwa. Hata hivyo, wanaotaja miaka hiyo husahau Turin ya mwaka 2022, ambako majaji waliiweka mbele Uingereza kwa pointi 283, na Kalush Orchestra ya Ukraine ikapanda kutoka 192 za majaji kwa kubebwa na pointi 439 za watazamaji. Mizani huelemea upande wowote wenye mshindi aliyewaacha wenzake mbali.

Jambo jingine husahauliwa kwa urahisi zaidi. Kwa miongo ya mwanzo majaji ndio waliokuwa waamuzi. Kura za simu zilijaribiwa katika nchi tano mwaka 1997, zikaenea mwaka uliofuata, na kwa muda karibu nchi zote ziliachia watazamaji uamuzi wote. Matokeo yake yakawa malalamiko kwamba majirani wanabebana, na mwaka 2009 majaji wakarudishwa kwenye fainali kwa nusu ya kura. Tiba iliyoombwa na mashabiki wa wakati ule ndiyo inayoshitakiwa na mashabiki wa leo.

Kwa maoni yangu, kasoro ya kweli haikuwa kuwapo kwa majaji bali uchache wao. Jopo la watu watano ni dogo mno. Ladha ya mtu mmoja inaweza kuupandisha au kuushusha wimbo kwa nchi nzima, na njama inakuwa rahisi. Mwaka 2022 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, unaosimamia shindano hili, ulifuta alama za majopo ya nchi sita kwa sababu ya dosari zilizoonekana katika upigaji wao wa kura kwenye nusu fainali ya pili. Mnamo Novemba 2025 umoja huo ulitangaza kwamba, kuanzia shindano la 2026, jopo litakuwa na watu saba, majaji watarejea katika nusu fainali walikoondolewa mwaka 2023, na kikomo cha kura za mtazamaji kwa kila njia ya malipo kitashuka kutoka 20 hadi 10. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo niliyoiona kuwa nzito, maana inagusa malalamiko kuhusu kampeni za kuwahimiza watu wapige kura zote kwa wimbo mmoja.

Dhana: Ujirani na siasa ndizo zinazoamua mshindi

Kwamba Ugiriki na Cyprus hupeana pointi 12 mwaka baada ya mwaka, hakuna anayebisha, na tangu 2008 nchi zenye mazoea ya kupigiana kura hutenganishwa kwa droo katika nusu fainali. Lakini kubebana husogeza nchi nafasi chache; hakuleti ushindi. Ureno ina jirani mmoja tu wa nchi kavu, ilishiriki tangu 1964 bila kushinda, na Salvador Sobral alipokwenda Kyiv mwaka 2017 alipata pointi 758, akiongoza kwa majaji na kwa watazamaji.

Madai kwamba Uingereza inaadhibiwa kwa kujitoa katika Umoja wa Ulaya nayo hayasimami. Ilipata sifuri Riga mwaka 2003, miaka mingi kabla ya kujitoa. Iliporudia sifuri kwa watazamaji huko Rotterdam mwaka 2021, Ujerumani, Uhispania na wenyeji Uholanzi, wote wanachama wa umoja huo, walipata sifuri ileile. Mwaka mmoja baadaye Sam Ryder akaifikisha Uingereza nafasi ya pili. Tukio hilo la Rotterdam linajibu pia wanaodhani kwamba nchi zinazoingia fainali moja kwa moja kwa kuchangia fedha nyingi huwa zimenunua pointi.

Dhana: Majaji na watazamaji huhukumu onyesho moja

Hili ndilo jambo ambalo, kwa kulijua, mtu hubadilisha namna anavyotazama shindano zima. Majaji hawapigi kura usiku wa Jumamosi. Wao hulihukumu onyesho kamili la majaribio linalofanyika jioni ya siku iliyotangulia, likiwa na mavazi, taa na kamera zilezile. Msanii aliyepoteza sauti Ijumaa akaimba vizuri mno Jumamosi amekwisha kuathirika, na aliyeteleza Jumamosi mbele ya dunia nzima anaweza kuwa na akiba ya pointi alizokwisha kupata. Mashabiki wanaposema majaji walikuwa viziwi, yawezekana walisikia wimbo uleule ukiimbwa kwa namna nyingine kabisa.

Kuhusu uimbaji, mwimbaji mkuu lazima aimbe papo hapo. Ala ndizo zisizopigwa: okestra iliondolewa mwaka 1999, na gitaa au ngoma tunazoziona ni maigizo juu ya muziki uliorekodiwa. Tangu 2021 sauti za waitikiaji nazo zinaruhusiwa kurekodiwa, uamuzi ambao binafsi naona umepunguza utamu. Jukwaani hawaruhusiwi kuzidi watu sita, na wimbo hauruhusiwi kuzidi dakika tatu.

Mpangilio wa kupanda jukwaani haupatikani tena kwa droo tupu. Tangu 2013 watayarishaji wa nchi mwenyeji ndio wanaoupanga, isipokuwa nafasi ya mwenyeji mwenyewe. Shaka ya mashabiki hapa naielewa, maana hadi 2025 hakuna wimbo ulioshinda ukiwa wa pili kuimbwa.

Dhana: Ni shindano la raia wa Ulaya pekee

Céline Dion ni Mkanada, na aliishindia Uswisi mwaka 1988. Morocco ilishiriki mwaka 1980, na Australia imeshiriki tangu 2015, kwa kuwa kigezo ni shirika la utangazaji, si bara wala uraia. Kiswahili nacho kimesikika pale: Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi, aliiwakilisha Norway huko Düsseldorf mwaka 2011 kwa wimbo wa Haba Haba, wenye maneno ya Kiswahili na Kiingereza. Mashabiki wake wa Norway hawakuweza kumsaidia, kwani hakuna nchi inayojipigia kura, na hakuvuka nusu fainali. Siku hizi watazamaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Kigali wanaweza kupiga kura kwa kulipia mtandaoni. Tangu 2023 kura zote za nchi zisizoshiriki hukusanywa na kuhesabiwa kama za nchi moja.

Dhana: Mshindi hulazimika kuandaa, tena katika mji mkuu

Kuandaa ni desturi yenye nguvu, lakini mlango wa kukataa umekuwa wazi siku zote. Monaco ilishinda mwaka 1971, na shindano lililofuata likafanyika Edinburgh. Luxembourg iliposhinda mara ya pili mfululizo mwaka 1973, Brighton ikapokea mzigo, na Israel iliposhinda tena ikakataa kuandaa kwa mwaka wa pili mfululizo, shindano la 1980 likahamia The Hague. Kwa hiyo uamuzi wa kuipa Liverpool shindano la 2023 kwa niaba ya Ukraine, iliyokuwa vitani, haukuwa upendeleo mpya kwa Waingereza.

Mji nao huchaguliwa na shirika mwenyeji kwa kuangalia ukumbi, hoteli, usafiri na fedha. Shirika la Ireland, RTÉ, lililipeleka shindano la 1993 Millstreet, mji mdogo wa wakazi wapatao 1,500, ndani ya ukumbi wa mashindano ya farasi. Basel iliichukua nafasi mbele ya Geneva, lakini wapinzani walidai fedha za umma zipigiwe kura ya maoni, na mnamo Novemba 2024 takribani theluthi mbili ya wapiga kura wa jimbo la Basel waliidhinisha faranga zipatazo milioni 35. Kama wangekataa, mji ungebaki na onyesho la televisheni lililopunguzwa, bila sherehe nyingi za mitaani zilizokusudiwa.